Bei ya Chuki: Kura 231,728 na Kura 233,211

Tarehe 30 Desemba 2007, Tume ya Uchaguzi ya Kenya ilimtangaza Mwai Kibaki mshindi wa urais kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila Odinga. Kura zilizowatenganisha zilikuwa 231,728. Tarehe 15 Agosti 2022, William Ruto akatangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Odinga huyo huyo. Safari hii waliachana kwa kura 233,211. Ukiyapanga mapengo hayo mawili bega kwa bega, yanapishana kwa kura 1,483, ambazo ni kura za vituo vichache tu vya kupigia kura.

Uchaguzi wa kwanza uligharimu maisha ya watu 1,133. Wa pili ulipelekwa Mahakama ya Upeo, na siku 21 baada ya matokeo kutangazwa majaji wote 7 walikuwa wametoa uamuzi kwa kauli moja. Aliyeshindwa alisema haukubali kwa moyo lakini anauheshimu. Maduka yakafunguliwa.

Wakenya wengi huamini kwamba kura zikikaribiana mno, lazima patachimbika. Takwimu hizi zinakataa. Pengo lilikuwa karibu lile lile, mgombea mmoja alikuwa yule yule, nchi ni ile ile, na gharama zikawa mbali kama mbingu na ardhi. Bei ya chuki baada ya uchaguzi haipangwi na idadi ya kura. Hupangwa na mambo mawili: maneno yaliyoachwa yasemwe kwa miaka bila msemaji kudaiwa chochote, na mahali ambapo aliyeshindwa anaweza kupeleka lalamiko lake akaamini litasikilizwa.

Tuanze na bili ya 2007, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwa undani zaidi. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu maiti mkoa kwa mkoa. Bonde la Ufa 744. Nyanza 134. Nairobi 125. Magharibi 98. Pwani 27. Kati 5. Yaani katika kila watu 3 waliouawa, 2 waliuawa Bonde la Ufa, mkoa ambao ulikwisha kumwaga damu katika uchaguzi wa 1992 na tena wa 1997, kwa kisa kile kile cha ardhi na nani mwenyeji, nani mgeni. Kati ya waliokufa, 405 walikufa kwa risasi. Takwimu hiyo inapaswa kusomwa mara mbili. Majirani waliogeukiana walikuwa na mapanga, mishale, mawe na viberiti. Bunduki zilikuwa mikononi mwa polisi. Zaidi ya theluthi moja ya vifo, basi, haielezwi na chuki ya majirani peke yake. Dola nayo ilikuwa na upande.

Kutoka siku ya matokeo hadi 28 Februari 2008, siku ambayo Kibaki na Odinga walitia sahihi mkataba mbele ya Kofi Annan na Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, aliyekuwa mwenyekiti mpya wa Umoja wa Afrika, zilipita siku 60 hivi. Gawanya: watu 19 kila siku, kwa miezi miwili mfululizo. Tume ya Waki ilipokea pia taarifa za visa vya ubakaji na ukatili wa kingono vipatavyo 900, na wote wanaojua mambo haya wanakubali kwamba waliojitokeza kusema ni wachache kuliko walionyamaza.

Kisha waliohama. Serikali iliwaandikisha wakimbizi wa ndani 663,921. Kati yao 350,000 walikaa katika kambi 118, kwenye viwanja vya maonyesho, makanisani, katika vituo vya polisi. Waliobaki 313,921 walipokewa na ndugu na jamaa, na hawa ndio waliosahauliwa mapema kabisa, maana hawakuwa na hema la kupigwa picha. Wengine wapatao 12,000 walivuka mpaka kuingia Uganda. Nyumba 78,254 ziliharibiwa. Sasa chukua wale 663,921 uwagawe kwa kura 231,728 za ushindi: kwa kila kura moja iliyowatenganisha vinara wawili, karibu watu 3 walipoteza makao.

Na hesabu ya kura iliyosababisha yote haya haikuwa na miguu ya kusimamia. Tume nyingine, iliyoongozwa na jaji wa Afrika Kusini Johann Kriegler, ilichunguza uchaguzi wenyewe na kukuta majina ya watu wapatao milioni 1.2 waliokufa yangali ndani ya daftari la wapigakura. Ilikuta matokeo yaliyovurugwa kuanzia vituoni hadi ukumbi wa kujumlishia Nairobi, kiasi kwamba haikuwezekana tena kujua nani alishinda. Watu waliuana kutetea jumla ambayo hakuna fundi wa hesabu angeweza kuithibitisha.

Fedha zilizotoweka

Mwaka 2007 uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 7.1. Mwaka 2008, kwa takwimu za serikali za wakati huo, ulikua kwa asilimia 1.7, baadaye, hesabu za taifa zilipopangwa upya, ukuaji wa mwaka huo ulionekana kuwa mdogo zaidi ya hapo. Nitumie ile ya mwanzo, yenye huruma. Pato la taifa lilikuwa takriban shilingi trilioni 1.8. Pointi 5.4 zilizopotea ni sawa na karibu shilingi bilioni 97. Sensa ya 2009 ilikuta watu milioni 38.6, kwa hiyo kila Mkenya, awe mtoto mchanga au kikongwe, alipungukiwa na shilingi 2,500 hivi katika mwaka mmoja.

Haki itendeke: si zote zilikuwa za fujo. Mwaka huo mvua zilikuwa haba, mafuta na nafaka vilipanda bei duniani kote, na kuelekea mwisho wa mwaka mabenki ya Marekani na Ulaya yakaanza kuanguka. Lakini ukitazama sekta zilizoumia zaidi unaona alama za vidole. Hoteli na migahawa ilishuka kwa asilimia 36.1. Wageni walioingia nchini walipungua kutoka milioni 1.8 hadi milioni 1.2, na mapato ya utalii kutoka shilingi bilioni 65.4 hadi bilioni 52.7. Bilioni 12.7 zilikwenda, na zilikwenda hasa Pwani, mkoa uliokuwa na vifo 27 kati ya 1,133. Mpishi wa Diani na mwendesha boti wa Watamu walilipia maneno yaliyosemwa kwenye majukwaa mamia ya kilomita kutoka kwao. Kilimo kilirudi nyuma kwa asilimia 5.4, kwa kuwa msimu wa kutayarisha mashamba ulikuta wenye mashamba wamo kambini. Hapo Uasin Gishu na Trans Nzoia, ghala la mahindi la taifa, ndipo palipokuwa pamewaka.

Bili haikuishia mpakani. Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hutegemea barabara na reli inayotoka bandari ya Mombasa. Reli iling'olewa Kibera, malori yakazuiwa njiani, na petroli ikaadimika na kupanda bei hadi Kigali na Bujumbura. Wanunuzi wa huko hawakuwa na kura Kenya, wala hawakuwa na chama.

Maneno yalianza lini

Chuki ya Januari 2008 haikuzaliwa tarehe 30 Desemba jioni. Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya walipiga kura ya maoni kuhusu rasimu ya katiba, Ndizi kwa ndiyo na Chungwa kwa hapana. Chungwa ilishinda kwa takriban asilimia 58. Siku mbili baadaye Kibaki alivunja baraza lake la mawaziri, na walioachwa nje wakawa chama. Kampeni ya miaka miwili iliyofuata ilijengwa juu ya hesabu ya makabila: kauli ya makabila 41 dhidi ya kabila 1 ilipita mitaani kana kwamba ni mpango wa maendeleo. Upande wa pili ukajibu kwa kumtusi mgombea wa upinzani na jamii yake kwa mambo ya jando. Vituo vya redio vya lugha za mama vilipokea simu za wasikilizaji hewani bila kichujio, na Tume ya Waki ililitaja hilo waziwazi.

Kisha simu za mkononi. Arafa za kuhimiza mauaji zilisambazwa kwa maelfu. Serikali ilifikiria kuzima huduma ya arafa nchini kote; Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, akashauri njia nyingine, na kampuni hiyo ikawatumia wateja wake wapatao milioni 9 ujumbe wa amani. Majina ya watu zaidi ya 1,700 walioshukiwa kutunga au kusambaza arafa za uchochezi yalikabidhiwa serikalini. Hakukuwa na sheria ya kuwashtaki. Orodha ilikuwepo, mahakama zilikuwepo, kosa halikuwa limeandikwa popote.

Sheria ilikuja baadaye mwaka ule ule wa 2008, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Kifungu cha 13 kiliweka adhabu ya matamshi ya chuki: faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Tume ikaundwa kuisimamia. Kwa wanasiasa wakubwa, matunda yake ni haba mno. Juni 2016 wabunge 8 kutoka pande zote mbili, Jubilee ya serikali na CORD ya upinzani, walilala rumande kwa tuhuma za uchochezi. Walitoka wakiwa marafiki, wakahubiri amani kwa siku chache. Hakuna aliyetumikia kifungo.

Anayedhani pengo kubwa la kura ndilo dawa, atazame 2017. Uhuru Kenyatta alitangazwa kumshinda Odinga kwa kura 1,441,066, zaidi ya mara 6 ya pengo la 2007. Kwa mantiki ya pengo, nchi ingelala usingizi. Makumi ya watu waliuawa, wengi kwa risasi na virungu vya polisi, Kisumu, Siaya, Mathare na Kibera. Kisumu mtoto wa miezi 6 alipigwa kirungu akiwa ndani ya nyumba yao. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Upeo ilifuta uchaguzi ule, ukarudiwa 26 Oktoba, na waliojitokeza hawakufika hata asilimia 40. Katika maeneobunge 25 ya Nyanza kura haikupigwa kabisa. Odinga akajiapisha Uhuru Park tarehe 30 Januari 2018, serikali ikazima runinga kubwa 3 kwa siku kadhaa, na mambo hayakutulia mpaka handisheki ya Kenyatta na Odinga ya 9 Machi. Miezi 7 nzima nchi ilikuwa na marais wawili midomoni mwa watu.

Kwa nini 2022 haikuwaka

Sababu ya kwanza ni karatasi. Mwaka 2007 matokeo ya vituo 27,555 yalisafiri hadi Nairobi na raia hakuwa na njia ya kuyakagua. Mwaka 2022 fomu 34A za matokeo ya vituo 46,229 ziliwekwa wazi kwenye tovuti ya tume, na mtu yeyote mwenye simu aliweza kukaa chini akajumlisha. Vyombo vya habari vilijumlisha, vyama vilijumlisha, vijana wa vyuo vikuu walijumlisha. Hata makamishna 4 kati ya 7 walipojitenga na matokeo dakika za mwisho, namba zilikuwa tayari mikononi mwa umma.

Ya pili ni mahakama. Hukumu za miaka ya 1990 ziliwafundisha wapinzani kwamba kesi ya urais hufa kwa sababu za kiufundi. Kwa hiyo mwaka 2007 upinzani ulikataa katakata kwenda mahakamani. Katiba ya 2010 ilitoa siku 7 za kuwasilisha kesi na siku 14 za kuiamua. Uamuzi wa 2017 dhidi ya rais aliyekuwa madarakani ndio ulioipa mahakama hiyo heshima iliyoitumia 2022. Huo ni mtaji ambao fedha haziwezi kununua.

Ya tatu huitaja wachache. Mwaka 2007 Wakalenjin wengi na Wakikuyu wengi, jamii zinazopakana mashambani Bonde la Ufa, walikuwa pande mbili. Mwaka 2022 Ruto alikuwa na Rigathi Gachagua na Odinga alikuwa na Martha Karua, wagombea wenza wote wawili kutoka Mlima Kenya. Hesabu ya kikabila ilivurugika, hakukuwa na jirani wa kumchomea. Sitaki kuisifu sana sababu hii. Amani inayotegemea nani amemshika nani mkono haina uhakika wa miaka 5 inayofuata.

Ya nne kwangu ndiyo nzito kuliko zote: ugatuzi. Kaunti 47 ziligawiwa shilingi bilioni 370 katika mwaka wa fedha wa 2022/23. Aliyeshindwa urais hakutoka mikono mitupu. Washirika wake walikuwa na magavana, mabunge ya kaunti, hospitali za kuendesha, barabara za kujenga. Mwaka 2007 aliyeshinda alichukua vyote. Mtu anayejua kwamba kushindwa ni njaa ya miaka 5 kwa kijiji chake kizima atasikiliza maneno ambayo mwenye shibe asingeyasikiliza. Ndiyo maana kauli za Gachagua za mwaka 2023, kwamba serikali ni kampuni na walioipigia kura ndio wenye hisa, zilikuwa hatari kuliko tusi lolote la jukwaani. Zilirudisha hesabu ya 2007 kwa mlango wa nyuma. Oktoba 2024 aliondolewa madarakani na Bunge, na kauli hizo zilikuwa miongoni mwa mashtaka. Nakubali kwamba wengi walioinua mkono kumwondoa walikuwa wamepiga makofi alipozisema.

Amani ya 2022 haikuwa ya bure. Uchaguzi ule uligharimu zaidi ya shilingi bilioni 40. Kwa wapigakura 22,120,458 walioandikishwa, ni zaidi ya shilingi 1,800 kwa kichwa. Karatasi za kura zilichapishwa Athens, Ugiriki, na wawakilishi wa wagombea wakasafirishwa kwenda kushuhudia mashine zikizunguka, kwa kuwa hakuna upande uliokuwa tayari kuamini mtambo ulio Nairobi. Sehemu kubwa ya bilioni hizo ni kodi ya kutoaminiana, na tunailipa kila baada ya miaka 5 hata pasipotupwa jiwe.

Na jukwaa limehama. Aprili 2022 tume ya uwiano ilitoa orodha ya maneno yasiyotakiwa kwenye kampeni, yakiwemo madoadoa, kwekwe, wakuja na kauli ya wabara waende kwao. Miezi 3 baadaye mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook: yalipeleka matangazo 20 yenye matamshi halisi ya chuki yaliyowahi kutumika Kenya, mengine kwa Kiingereza, mengine kwa Kiswahili. Yale ya Kiswahili yote yalipitishwa. Ya Kiingereza, machache yalirudishwa kwanza kwa kasoro za sarufi na lugha chafu, yakarekebishwa kidogo, nayo yakapita. Mashirika yaliyaondoa kabla hayajaonekana na mtu. Lugha hii inayosemwa na mamilioni ya watu kutoka Lamu hadi Lubumbashi ilikuwa haina mlinzi kwenye lango la kampuni tajiri kama ile. Kwa maoni yangu hilo ni kosa la kutozwa faini, wala si la kuombewa radhi kwa barua.

Nani alilipa, nani hakulipa

Mwaka 2008 familia iliyorudi kutoka kambini ilipewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na iliyochomewa nyumba ikaahidiwa 25,000 za kujenga upya. Rudi kwenye hesabu ya juu: familia ya watu 4 iliyoishi mbali kabisa na fujo ilipoteza shilingi 10,000 hizo hizo kupitia uchumi uliodumaa. Mwaka 2013, miaka 5 baadaye, zaidi ya familia 8,000 zilizokuwa bado kambini zilipewa shilingi 400,000 kila moja zitafute pa kwenda. Desemba 2020 Mahakama Kuu iliwapa manusura 4 wa ubakaji wa wakati ule fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja. Walikuwa wamekwenda mahakamani mwaka 2013, wakiwa 8.

Upande wa vinara, serikali ya mseto, ile ya nusu mkate, ya Aprili 2008 ilikuwa na mawaziri 40 na mawaziri wasaidizi zaidi ya 50, katika bunge la watu 222. Ilikuwa serikali kubwa kuliko zote tangu uhuru. Mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai aliwataja washukiwa 6 tarehe 15 Desemba 2010. Mashtaka dhidi ya Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, kesi ya Ruto na mtangazaji Joshua arap Sang ikasitishwa tarehe 5 Aprili 2016, nyingine zilikuwa zimekwisha kufa. Waliotiwa hatiani kwa mauaji yale huko The Hague: 0.

Kibaki ametangulia mbele ya haki, na Odinga naye alifariki Oktoba 2025. Mashina yao yamebaki, na lugha yao imebaki. Kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025 tume ya uchaguzi ilikaa bila makamishna, zaidi ya miaka 2 ya maandalizi imekwenda, na uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027.

Naiomba tume ya uwiano ichapishe kila robo mwaka, kwa Kiswahili, jedwali la kurasa mbili: nani ameshtakiwa kwa kifungu cha 13, alisema nini, kesi imefika wapi, amelipa kiasi gani. Nawaomba wahariri walichapishe kando ya picha za mikutano ya hadhara. Na wewe unayesimamia kundi la WhatsApp la ukoo, la chama au la chuoni, faini inayokungoja ni ile ile inayomngoja mbunge wako, ila yeye ana wakili. Ujumbe wa kumtukana jirani kwa kabila lake ukiingia leo, miezi mingi kabla ya kura, uufute leo.